CHENGA HANDAKINI

Sehemu ya Saba: Komeo la Pili

Ufunguo ulizunguka mara mbili ndani ya kitasa, na hapo ndipo tulipomwacha Nadine Pruett wiki jana. Kachuchumaa nyuma ya maboksi kwenye stoo ya duka la Royce Tackett, kiganjani ana rundo la stika za serikali alizozifukua kwenye kopo kuukuu la kahawa. Mlango umefungwa. Aliyeufunga yuko ndani pamoja naye, na ufunguo kautia mfukoni.

"Simama, mpenzi," Royce akasema. "Sakafu hiyo chafu."

Nadine alisimama, lakini si kwa sababu ya uchafu. Ile sauti ilimtia hasira. Ilikuwa ileile ya upole aliyoitumia Jumapili iliyopita kumuuliza kama harusi yao iwe kabla au baada ya mavuno ya ngano.

Wewe uliyeanza kusoma leo, jua haya tu. Nadine ni mpishi wa shule, mjane, na alikwishakata tamaa ya kuolewa tena. Royce anauza vyombo vya umeme, ni shemasi kanisani, na ndiye aliyemvisha pete. Mimi Royce simpendi, na sijawahi kukuficha.

Royce alinyoosha mkono akamwambia Nadine alete hizo takataka. Nadine badala ya kuleta akazisogeza kwenye mwanga wa kidirisha cha juu, akaanza kumsomea.

"Televisheni hii inapokea mawimbi ya analojia peke yake. Mitambo ya analojia itakapozimwa, haitaonyesha kitu bila king'amuzi." Akainua macho. "Juu pameandikwa onyo, Royce. Kwa herufi kubwa."

"Najua kusoma."

"Kwa hiyo ulisoma, ndipo ukabandua."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Serikali iliamuru kila televisheni mpya iwe na king'amuzi cha dijitali humo humo ndani. Walianza na yale makubwa ya sebuleni, wakashuka kwenye ya kati, mwisho wakafika kwenye vile vidogo vya betri, vya kubeba kwa mpini. Vya zamani vilivyobaki madukani viliruhusiwa kuuzwa kwa sharti moja, mnunuzi aonyeshwe hilo onyo. Maduka makubwa ya mjini hayakutaka usumbufu, yakaviachia kwa bei chee. Royce akavizoa lori zima, akatuuzia sisi baada ya ibada, huku akitushika mabega na kutuambia kwamba kila handaki la kujifichia kimbunga linahitaji televisheni yake.

Na mtu wa Oklahoma hahitaji kubembelezwa kwa hilo. Sisi hatushuki handakini kwa sababu ya mawingu. Tunashuka Clell Massey, bwana hali ya hewa wa kituo chetu cha televisheni, akiitaja njia panda yako kwa jina. Kabla ya hapo unakaa barazani na chai yako ya barafu, unakitazama kimbunga kinavyokuja. Ukishashuka hutoki mpaka Clell aseme toka. Mchungaji wetu anamwonea wivu, na ana haki.

Mimi nami nilinunua kimoja kwa Royce. Ninacho mpaka leo, kinazuia mlango wa banda la kuku.

Sasa jana, Ijumaa, mitambo ikazimwa kweli. Nadine alikiwasha kile cha jikoni kwake akaona chenga tupu, ndipo leo akaja kupekua. Royce aliposhikwa hakutahayari hata kidogo. Alisema ilitakiwa izimwe Februari wakaahirisha, na nchi nzima ilijua wataahirisha tena, na tena, mpaka wajukuu wetu wazeeke.

"Na kwanza serikali ndiyo iliyoviua vile vitelevisheni, si mimi," akaongeza. "Vilikuwa vizima. Mtu mmoja huko Washington kaamka asubuhi kaamua vife. Ulitaka mimi nifanye nini, nivichimbie makaburi?"

"Serikali iliviua, na ikaandika kwamba imeviua. Wewe ukafuta maandishi ukatuuzia maiti."

"Chunga mdomo wako, Nadine."

"Ulimletea baba yangu kimoja. Siku uliyokuja kuniposa. Ukakifunga na utepe mwekundu."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Baba yake, Mzee Harlan, anaishi peke yake shambani nje ya mji, nyonga moja ni ya chuma, anatembea kwa mkongojo. Handaki lake halina umeme wa kutegemewa, na king'amuzi bila umeme wa ukutani ni kopo tu. Ile zawadi ndiyo iliyokuwa macho yake huko chini, na aliyempa alijua tangu mwanzo kwamba ni macho ya kioo.

Royce akacheka. Si kicheko kikubwa, ila kilimtoka kwa raha.

"Baba yako? Hebu niulize kwanza, nani alikuwa na kisu."

Nadine hakuuliza. Royce akamwambia hivyo hivyo. Kwamba majira yote ya baridi Mzee Harlan alikuwa anakuja hapa hapa stooni, anakalia kile kiti kilichovunjika mgongo, anakunywa kahawa ya bure na kubandua stika moja baada ya nyingine kwa kisu chake cha mfukoni, huku akipiga mluzi. Tangu serikali ilipomega shamba lake la ngano kupitisha barabara kuu, mzee hajawahi kukubali chochote chenye nembo ya serikali. Hata stempu anazibandika kichwa chini.

"Muongo," Nadine akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kopo ulimozikuta ni la nani? Nani mji huu anakunywa kahawa ile chungu ya kopo la bluu?" Royce akasogea karibu. "Mkaguzi wa serikali yuko moteli pale barabarani, nenda kampelekee. Atauliza nani alibandua. Nitashika Biblia nitaapa, na kwa mara moja nitakuwa nasema kweli. Baba yako atasimama kizimbani na mkongojo wake."

Kumbe ndiyo maana alifunga mlango kwa utulivu vile. Hakuwa amemfungia mwizi, alikuwa amemfungia mtoto wa mwizi mwenzake.

Nadine akavua pete. Hakuitupa, maana yeye si mtu wa kutupa vitu. Aliiweka juu ya boksi. Royce akaiokota, akaifuta kwa pindo la shati, akaitia katika mfuko uleule wenye ufunguo na kumwambia kwamba ataitaka tena ikifika Jumatatu.

Hapo king'ora cha mji kikaanza kulia.

Hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa ni Jumamosi, saa sita mchana, na kila Jumamosi saa sita mchana king'ora chetu kinajaribiwa. Watoto wanakijua, mbwa wanakijua. Royce alisubiri tu kinyamaze ili aendelee kutisha watu.

Hakikunyamaza.

Nadine akatazama kidirishani. Mwanga uliokuwa mweupe alipokuwa anasoma stika sasa ulikuwa wa kijani, ule wa maji ya bwawa. Akakumbuka jambo ambalo sote tunalijua na siku ile sote tulilisahau. Siku ya mawingu mabaya, hawajaribu king'ora.

"Royce," akasema. "Hicho si cha majaribio."

"Ni Jumamosi."

"Tazama juu."

Royce akatazama. Rangi ikamtoka usoni polepole. Nadine alikwishatoa simu na kumpigia baba yake.

Mzee Harlan alipokea akiwa barazani, anatafuna. Alikuwa na Bi Eula Birdsong, jirani yake, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Nadine na nusu ya mji huu. Bi Eula hana handaki. Kila mawingu yakikusanyika anakuja kwa Harlan, anaingia handakini mwake, na humo humo anamtukana mpaka kutulie. Wamekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Baba, shuka chini sasa hivi. Shuka na Bi Eula."

"Ni Jumamosi, binti yangu."

"Kimbunga hakijui Jumamosi."

"Clell hajataja njia panda yetu. Namwona dirishani kwenye runinga kubwa, anazungumzia watu wa ng'ambo ya mto. Akitufikia nitashuka. Ngoja... aa. Umeme umekwenda. Clell kapotea." Nadine akamsikia anasukuma kiti na kuutafuta mkongojo. "Basi twende chini. Nitachukua kile kidogo cha mkwe wangu mtarajiwa."

"Baba, kile kimekufa. Mitambo wamezima jana."

"Hawajazima kitu. Jana nimeangalia besiboli mpaka mwisho."

Bila shaka aliiangalia. Ana dishi kwenye paa, na wenye dishi hawakuona tofauti yoyote siku ile. Wakatamba kila mahali kwamba serikali ilikuwa inatutisha bure, na Mzee Harlan ndiye aliyetamba kuliko wote.

"Baba, nina stika zote mkononi. Nani alizibandua?"

Kwa mbali Bi Eula alikuwa anauliza kama simu ni muhimu kuliko roho zao.

"Mimi," mzee akasema. "Kwa kisu changu. Serikali haitanichagulia televisheni ya kutazama handakini mwangu. Usinifokee, Nadine. Najua mashine hizi. Ikileta chenga nitatoka nizungushe antena, basi."

"Usitoke. Baba, sikia, usitoke nje hata kama..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikuita kabisa.

Sasa niambie wewe. Antena ya Mzee Harlan iko juu ya nguzo ya chuma nyuma ya banda la ng'ombe, mbali na handaki. Chenga zilikuwa hazina budi kuja. Na yule mzee hajawahi kuona chenga akakaa chini kuziangalia.

Nadine akamgeukia Royce kumwambia afungue mlango, akakuta ameshaufungua. Duka lile ni la mabati matupu, halina shimo chini yake, na handaki zuri lililo karibu ni la Mzee Harlan. Mchumba wetu hakuwa anakimbia kumwokoa mkwewe. Lakini gari lilikuwa lake, na Nadine akaingia.

Walipita mbele ya mgahawa. Watu walikuwa wanakula samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, king'ora kikiwalilia juu ya vichwa. Nadine akashusha kioo, akawapigia kelele washuke chini, si majaribio. Wakampungia uma zao. Mmoja akaonyesha saa ya ukutani na kucheka.

Nilikuwa mmoja wa wale waliopunga. Endelea kusoma.

Ndani ya pikapu Royce hakuacha biashara yake. Aliendesha kwa mkono mmoja, na mwingine ukawa umetandazwa kati yao, kiganja juu, unangoja stika. Alisema wangeweza kuzichoma wote watatu, mzee akawa salama, harusi ikaendelea, na mkaguzi akarudi kwao mikono mitupu. Alisema maneno ya kweli kabisa kuhusu kifungo na faini na aibu ya kanisani. Nadine alitazama ule mkono muda wote na akaona kwamba kucha zake ni safi, za mtu ambaye kazi chafu alifanyiwa na mzee wa watu kwa kikombe cha kahawa.

"Ulijua angetoka kuzungusha antena," akasema. "Kila mtu anayemjua baba anajua."

"Sikumtuma akae mashambani."

"Siku hiyo ya utepe, ulimwambia nini?"

Royce akaongeza mwendo. Mvua ya mawe ikaanza kugonga paa la gari, kwanza moja moja, halafu kwa fujo, na kioo cha mbele kikapasuka upande wa Nadine.

Walipoingia uani, mlango wa handaki ulikuwa wazi. Ni mlango wa chuma uliolala mshazari juu ya ardhi. Mzee Harlan aliuchomelea mwenyewe, na makomeo yake yako kwa ndani. Nadine aliteremka ngazi kwa kukimbia, Royce nyuma yake.

Chini kulikuwa na taa ya mafuta, mitungi ya maharage ya kusindika, na Bi Eula peke yake kwenye benchi. Televisheni ndogo ilikuwa mapajani pake, utepe mwekundu bado umening'inia mpinini. Ilikuwa inatoa chenga na kufoka.

"Kaenda kwenye antena," Bi Eula akasema kabla hajaulizwa. "Nimemwambia, Harlan, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe moja limeshavunjika. Kanijibu mimi ni mwalimu wa jiografia, nimwachie fundi kazi yake."

Nadine akageuka kutoka. Royce alikuwa amesimama kwenye ngazi, kaziba njia kwa mwili wake.

"Nipe, halafu nenda."

Unaona alivyo? Mtu anakwenda kumtafuta baba yake kwenye mdomo wa kimbunga, na yeye anatoza ushuru mlangoni. Nadine hakuwa na muda wa kupigana. Alirudi hatua moja, akazitupa stika zote mapajani mwa Bi Eula, juu ya televisheni.

"Mwalimu, nitunzie hizi. Mkaguzi yuko moteli."

Bi Eula alisoma ya juu, akamtazama Royce, akaielewa habari nzima bila kuelezwa. Kisha akazikusanya na kuzitia kifuani, mahali ambapo hata shemasi hawezi kupekua. Royce akashuka hatua moja kumwendea Bi Eula. Nadine akampita kwa bega.

Nje mawe yalikuwa yamekoma. Upepo nao. Majani hayakutikisika. Sisi tuliozaliwa hapa kimya kile tunakiogopa kuliko kelele. Upande wa kusini wa shamba, juu ya ngano iliyokuwa inangoja kuvunwa, wingu lilikuwa limeshusha mguu, na mguu ule ulikuwa unatembea.

Alimkuta baba yake kwenye nguzo. Mkongojo umelala matopeni. Mzee ameikumbatia nguzo kwa mkono mmoja na kwa mwingine anazungusha, anatazama juu, mvua imemlowesha kofia mpaka masikio.

"Mwambie Eula aseme ikija picha," alipiga kelele bila kugeuka.

"Haitakuja, baba."

"Kidogo tu upande wa kaskazini..."

"Baba. Haitakuja. Wamezima."

Akageuka. Nadine anasema hatasahau ule uso, na mimi namwamini. Ulikuwa uso wa mtu anayeyakumbuka majira mazima ya baridi kwa pumzi moja: kile kiti, ile kahawa, kisu, mluzi, na majirani waliokuwa wanatoka dukani kila mmoja na kitelevisheni chake kwapani, na yeye anawapungia.

"Wote wale," akasema. "Nadine, wote wale wako chini sasa hivi wanaangalia chenga."

"Twende."

"Watatoka. Watatoka kuzungusha antena."

"Twende, baba."

Akampa bega. Nyonga ya chuma haijui kukimbia, na yeye hakuuliza mkongojo. Nyuma yao ngano ilianza kulala chini. Walivuka ua, wakaizunguka pikapu, na Nadine alipoinua kichwa kuutafuta mwanga wa taa handakini, hakuuona. Mlango ulikuwa umefungwa.

Alidhani ni upepo uliousukuma. Akaushika mshikio, akavuta. Haukuja. Akapiga kwa ngumi, akaita jina la Royce, na akajichukia kwa kuliita.

Kuna bomba la hewa linalotoka handakini mpaka juu, karibu na mlango. Kwa sababu ya kile kimya, kila neno la chini lilipanda juu wazi kabisa.

"Wamefika, fungua," ilikuwa sauti ya Bi Eula.

"Nipe kwanza."

"Royce Tackett, nilikufundisha darasa la nne. Ulikuwa mwoga na ulikuwa unakojoa kitini, na sikumwambia mtu. Fungua mlango nikupe stika zako zote."

"Nipe kwanza, ndiyo nifungue."

"Nikikupa hutafungua."

Royce hakukanusha. Hapo hata Nadine, aliyekuwa bado anavuta mshikio kwa mikono miwili, alielewa kwamba hesabu imebadilika kichwani mwa mchumba wake. Walioziona zile stika koponi, walioshika kisu, walioweza kusimama mbele ya mkaguzi na kusema neno, wawili walikuwa nje. Na wa tatu ni bibi mzee aliye naye humo ndani.

Mzee Harlan akajitoa begani mwa binti yake. Alipiga magoti matopeni kwa shida, nyonga ikimlia, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Royce. Nilibandua mimi. Nitamwambia mkaguzi ni mimi peke yangu, wewe hukujua kitu, kisu changu na kopo langu. Mbele ya Eula naapa. Fungua mtoto aingie. Mimi nitabaki huku huku nje, sikusumbui."

"Baba, acha."

"Nyamaza, Nadine. Royce, umenisikia? Yeye tu."

Ile televisheni ilikuwa bado inafoka chenga zake, halafu mtu akaizima. Mngurumo ukaanza kuja kupitia ardhini, kwenye magoti kabla ya masikio. Paa la banda la ng'ombe likainuka upande mmoja na kushuka, likainuka tena na halikushuka.

Kisha chuma kikalia nyuma ya mlango. Nadine akaushika mshikio kwa nguvu zake zote, akavuta, na mlango haukusogea hata unywele.

Mzee Harlan alikuwa bado ameinamia bomba. Aliyachomelea makomeo yale kwa mikono yake mwenyewe, moja juu na moja chini, na sauti zake alizijua zote mbili.

"Hajafungua, mwanangu," akasema. "Hilo ni la pili."